Kiwiko Ndicho Kiamuacho Mkao wa Konde

Chukulia kijana wa kidato cha 3 katika kata ya Singe, mjini Babati, ambaye ametundika gunia la pumba za mahindi kwenye tawi la mti nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Kila jioni, akisha kuteka maji na kuingiza mbuzi zizini, hulipiga gunia lile. Ngumi za moja kwa moja hazimpi taabu. Lakini kila ajaribupo ile ngumi izungukayo kutoka ubavuni, ambayo mabondia huiita huki, kifundo cha mkono humpinda, na baada ya siku chache upande wa kidole chake cha mwisho umevimba. Akiwauliza wanaojua ngumi, atapewa majibu mawili yanayopingana. Mmoja atamwambia kwamba konde sharti lilale, kiganja kikitazama ardhi, kama mtu aliyelaza mkono juu ya meza. Mwingine ataapa kwamba konde sharti lisimame, kidole gumba kikiwa juu, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai.

Ubishi huo haukuanzia Singe, wala hautakwisha leo. Makocha wa nchi nyingi wamegawanyika kwa namna hiyo hiyo, na kila upande una mabingwa wake wa kuwatolea ushahidi. Ajabu ni kwamba pande zote mbili husema kweli. Kosa lao ni kwamba hulitazama konde, ilhali jawabu limo katika kiwiko.

Kabla ya kulieleza jambo hilo, yafaa ieleweke kwamba si mchezo wa maneno tu. Tanzania ina historia yake katika ngumi. Mwaka 1970, mjini Edinburgh, Titus Simba aliiletea nchi medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, uzito wa kati. Mwaka 1998, mjini Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alitwaa dhahabu ya uzito wa bantamu katika michezo hiyo hiyo. Mwaka 2022, mjini Birmingham, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walirudi na shaba. Katika historia hiyo mna funzo moja la mifupa ambalo halitajwi mara nyingi. Yule aliyemshinda Simba katika fainali ya 1970 alikuwa kijana wa Uingereza aitwaye John Conteh. Miaka 4 baadaye Conteh akawa bingwa wa dunia katika ngumi za kulipwa. Na mwaka 1975, akipigana na Willie Taylor huko Marekani, alivunjika mkono wa kulia. Bingwa wa dunia, mwenye kocha, bandeji na glavu bora, alivunjwa na ngumi yake mwenyewe.

Wala Conteh si kioja. Madaktari waliofuatilia timu ya ngumi ya Uingereza kuanzia 2005 hadi 2012 walikuta kwamba mkono na kifundo chake huumia kwa kiwango cha majeraha 347 kwa kila saa 1,000 za mapambano. Mazoezini kiwango hakikufika hata nusu jeraha kwa saa 1,000. Saa 1,000 za mapambano ni nyingi mno, kwani bondia wa ridhaa hukaa ulingoni dakika chache tu kwa siku. Hata hivyo tofauti ya namba hizo mbili yatosha kumshtua mwalimu yeyote wa hisabati. Mazoezini glavu ni nene zaidi na bondia hachagui kupiga kwa nguvu zake zote. Ulingoni hupiga kwa nguvu zote kichwa kigumu kinachokwepa, na hapo kila kosa dogo la mkao hulipwa papo hapo.

Mifupa 27

Mkono, kutoka kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Kuna 8 midogo ya kifundo iliyopangana kama kokoto, 5 mirefu ya kiganja, na 14 ya vidole. Vidole vikikunjwa, vichwa vya mifupa ya kiganja hujitokeza na kufanya zile nundu zinazoonekana kwenye konde. Nundu hizo hazilingani kwa uimara, na mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo bila ya maabara. Akunje konde la mkono wa kushoto bila kulikaza, kisha kwa mkono wa kulia ashike nundu ya kidole cha shahada na kuisukuma mbele na nyuma. Haitikisiki. Ashike ya kidole cha kati, nayo haitikisiki. Sasa ashike ya kidole cha pete: itacheza kidogo. Ya kidole cha mwisho itacheza waziwazi.

Sababu ni kwamba mifupa ya kiganja ya kidole cha shahada na cha kati imepachikwa kwenye kifundo kama nguzo iliyochimbiwa ardhini. Ile ya kidole cha pete na cha mwisho imewekwa kama mlango kwenye bawaba, ili kiganja kiweze kujikunja na kushika mpini wa jembe au wa shoka. Huo ni mpango mzuri sana kwa mkulima, ila haumfai mpigaji ngumi. Ndiyo maana mvunjiko unaojulikana sana kwa waganga wa mifupa ni ule wa shingo ya mfupa wa kiganja wa kidole cha mwisho. Kwa Kiingereza umepewa jina la mabondia, lakini jina hilo linawaonea. Wengi wanaoupata si mabondia. Ni watu waliopiga ukuta au mlango kwa hasira, au walioingia ugomvini na kurusha ngumi pana inayoshuka kutoka juu, ambayo hutua kwa nundu ile dhaifu.

Konde lenyewe hufungwaje? Vidole 4 hukunjwa kuanzia ncha, vikaingia kiganjani pasipo kuacha nafasi. Kisha gumba hupita nje na kukaa juu ya pingili za kati za kidole cha shahada na cha kati. Gumba lisifichwe ndani ya vidole, kwani litateguka. Wala lisisimame pembeni, kwani litanasa. Mwaka 2013 watafiti Morgan na Carrier wa Chuo Kikuu cha Utah walipima faida ya mfumo huu, wakakuta kwamba konde lililofungwa na kuegemezwa kwa gumba hukifanya kiungo cha nundu ya kidole cha shahada kiwe kikakamavu mara 4 zaidi. Mwaka 2015 Carrier na wenzake wengine walitumia mikono ya maiti na kukuta kwamba konde lililobanwa sawasawa laweza kupiga kwa kani iliyozidi kwa asilimia 55 ile ya konde lililolegea, bila mifupa ya kiganja kulemewa zaidi. Watafiti hao walidai pia kwamba mkono wa binadamu ulipata umbo lake kwa sababu ya kupigana. Dai hilo limepingwa na wataalamu wengi, na ni haki lipingwe, kwa maana mkono huo huo ndio uliochonga jiwe na kusuka ukili. Lakini vipimo vyao ni vipimo.

Kamba ya mbuzi

Ngumi ya moja kwa moja huenda kama mkuki. Konde, kigasha na bega hukaa karibu katika mstari mmoja, na mwendo hufuata mstari huo huo. Ngumi ya mzunguko ni kitu kingine. Mtazame mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti, naye akikimbia kwa hofu huku kamba imekaza. Kila nukta anaelekea pembeni ya kamba, kwa pembe mraba, wala si kwenye mstari wa kamba. Kamba ikikatika ghafla, atatoka kuelekea huko pembeni. Ndivyo lilivyo konde katika huki. Mti ni uti wa mgongo unaozunguka, na mbuzi ni konde.

Kutokana na hayo huja kanuni ya kwanza, ambayo ni kubwa kuliko suala la gumba juu au chini. Wakati wa kugonga, kigasha sharti kiwe nyuma ya konde katika njia ya mwendo, wala kisiwe sehemu ya kamba. Ili hilo liwezekane, kiwiko hukunjwa karibu pembe mraba na kubaki hivyo, kikiwa kimefungwa kama ndoana, na mwili wote ukazunguka pamoja nacho kuanzia kwenye wayo. Kijana anayefungua kiwiko akidhani kwamba mkono mrefu utampa mwendokasi zaidi hukosei hesabu yake ya kwanza: mwendokasi wa kitu kizungukacho huongezeka kadiri kinavyokuwa mbali na kitovu. Hukosea ya pili. Kigasha chake sasa kimekuwa kamba, na konde linagonga kwa ubavu. Gumba likiwa juu, atagonga kwa upande wa ndani wa vidole, kama mtu anayepiga kofi, na mwamuzi wa ngumi za ridhaa hatalihesabu. Kiganja kikitazama chini, atagonga kwa gumba lenyewe.

Kani zinazohusika si za kubeza. Mwaka 1985 Atha na wenzake walipima ngumi ya moja kwa moja ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu wa Uingereza. Konde lilikwenda mita 8.9 kwa sekunde na kutoa kani ya nyutoni 4,096. Mwaka 2005 Viano na wenzake waliwapa mabondia 11 wa kiwango cha Olimpiki sanamu yenye vipimo ndani yake waipige kwa aina mbalimbali za ngumi. Huki ilizishinda zote: wastani wa badiliko la mwendokasi wa mkono ulikuwa mita 11 kwa sekunde, na wastani wa kani nyutoni 4,405. Kani hiyo ni sawa na uzito wa mifuko 9 ya saruji ya kilo 50, ingawa hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kama konde li umbali wa mita 0.6 kutoka kwenye kitovu cha mzunguko, mita 11 kwa sekunde ni karibu mizunguko 3 kamili kwa sekunde moja. Kiwiliwili peke yake hakiwezi kasi hiyo. Bega huongeza mwendo wake juu ya ule wa kiuno, na kiuno juu ya ule wa mguu.

Sasa chukua kani hiyo ya nyutoni 4,405, na ufanye kwamba mstari wake haukupita katikati ya kifundo cha mkono bali umekosea kwa sentimita 2 tu. Kwa kuwa momenti ni kani mara umbali, kifundo kitapinduliwa kwa momenti ya nyutoni-mita 88. Mwanafunzi atakayeona namba hiyo ni ndogo na afanye hivi: achukue ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, aitundike kwenye fimbo, kisha ajaribu kuishikilia fimbo hiyo kwa konde moja huku ndoo ikining'inia sentimita 45 mbele ya kifundo. Ndiyo momenti hiyo hiyo. Hakuna misuli ya kifundo itakayoistahimili. Bua kavu la mahindi laweza kusukumwa kwa ncha likahimili kiasi kikubwa cha uzito, lakini likisukumwa kwa upande hukatika kwa kidole kimoja.

Mstari wa kalamu

Twarudi kwa konde la kulala na la kusimama. Jaribio lifuatalo lahitaji kalamu tu. Mwanafunzi asimame wima, mkono wa kushoto ukining'inia, kisha akunje kiwiko mpaka kigasha kielekee mbele sambamba na ardhi. Afunge konde bila kulisokota. Gumba litakuwa juu. Mwenzake amchoree mstari wa kalamu kwenye kigasha, kutoka upande wa gumba kwenda kiwikoni. Sasa, bila kukisokota kigasha hata kidogo, ainue kiwiko polepole kando ya mwili mpaka kifikie usawa wa bega, kigasha kikiendelea kuelekea mbele. Alitazame konde. Limelala, kiganja kinatazama ardhi. Autazame na mstari wa kalamu. Umenyooka kama ulivyokuwa, haukujiviringa.

Ni bega lililolilaza konde. Kigasha hakikufanya kazi yoyote. Kiwiko kikiwa chini karibu na mbavu, konde lililosimama ndilo la asili. Kiwiko kikiwa sawa na bega, konde lililolala ndilo la asili. Na kiwiko kikiwa katikati, konde hukaa mshazari. Makocha wetu wawili walikuwa wakieleza kigasha kile kile kimoja katika urefu mbili tofauti. Mmoja aliifikiria huki ya kichwani, mwingine huki ya mbavuni.

Kwa nini mkao huo wa asili uthaminiwe? Ndani ya kigasha mna mifupa miwili. Mmoja, ulio upande wa kidole cha mwisho, umeungana na kiwiko kama bawaba. Wa pili, ulio upande wa gumba, unaweza kuuzunguka wa kwanza, na ndio unaotuwezesha kugeuza ufunguo. Kiganja kikigeuzwa kabisa kutazama chini huku kiwiko kikiwa kimeshuka, mfupa wa gumba huulalia mwenzake mshazari kama vijiti viwili vilivyokingamana. Kigasha kikiachwa katika mkao wa katikati, mifupa hiyo hukaa sambamba, imeachana vizuri, na misuli ya pande zote iko tayari kuikaza. Kisha kuna jambo la njia ya kani. Karibu asilimia 80 ya mzigo unaotoka kwenye kiganja hupokewa na mfupa wa upande wa gumba, na nyuma ya nundu ya kidole cha shahada na cha kati ndiko mfupa huo ulipo. Hivyo zile nguzo mbili zilizochimbiwa, mfupa mnene wa kigasha, kiwiko na bega hufanya njia moja. Anayepiga kwa nundu ya kidole cha mwisho ameiacha barabara hiyo na kupita kichochoroni.

Kuna sababu nyingine inayolipa konde la kulala haki yake katika huki ya kichwani. Kifundo cha mkono hupinda sana kwenda mbele na nyuma, kwa kila upande nyuzi 70 hivi kwa mtu mzima wa kawaida. Kwenda upande wa gumba hupinda nyuzi 20 tu hivi, na upande wa kidole cha mwisho nyuzi 30 au zaidi kidogo. Huki huzunguka sambamba na ardhi, kwa hiyo makosa yake nayo hutokea sambamba na ardhi: konde hufika mapema mno au limechelewa. Konde likiwa limesimama, kosa hilo hukipinda kifundo katika ule upande wake mlegevu. Likiwa limelala, kosa lile lile hukipinda katika upande mgumu, ambako mifupa na kano hukizuia mapema. Hapa konde la kusimama huachwa nyuma, na huki ya mbavuni hulazimika kutegemea misuli na bandeji zaidi. Bahati nzuri tumbo si gumu kama paji la uso.

Isidhaniwe kwamba hii ni amri isiyovunjwa. Wapo mabondia mashuhuri wanaopiga kichwa kwa konde la kusimama na mikono yao ni mizima, kwa kuwa hawainui kiwiko sana na kigasha chao kiko nyuma ya konde sawasawa. Kinachoumiza ni kuchanganya: kuinua kiwiko juu kisha kulisokota konde lisimame, au kukishusha kiwiko kisha kulilazimisha lilale. Kijana wa Singe akichunguza gunia lake huenda akagundua kwamba amemsikiliza kocha mmoja kwa kiwiko na mwingine kwa konde.

Mfano wa kiwiko kilichofungwa ambao dunia haijausahau ni wa Joe Frazier. Kama alivyosimulia mwenyewe, akiwa mtoto mashambani South Carolina alianguka akimkimbia nguruwe, akaumia mkono wa kushoto. Hakupelekwa kwa daktari, na mkono ukapona ukiwa umepinda, usiweze tena kunyooka sawasawa. Kwa kazi nyingi ule ulikuwa ulemavu. Kwa huki ya kushoto ilikuwa pembe iliyokwisha kupimwa. Tarehe 8 Machi 1971, mjini New York, katika raundi ya 15, mkono huo ulimtupa chini Muhammad Ali. Si busara kusema kwamba ajali ndiyo iliyomfanya Frazier kuwa Frazier, maana wako wengi waliopinda mikono wasiojua ngumi. Lakini ni vigumu kuiona picha ya ngumi ile bila kukitazama kiwiko.

Maziwa ndani ya kibuyu

Mpaka hapa imezungumzwa mifupa ya mpigaji. Haitakuwa haki kumwacha anayepigwa, kwa sababu kila kinachoulinda mkono humwongezea yeye hatari. Kanuni zilizotangazwa London mwaka 1867 kwa jina la Marquess wa Queensberry ziliwavika mabondia glavu, na watu wengi hudhani glavu ni kinga ya uso. Kwa kiasi fulani ni kweli: hupunguza michubuko na kupasuka. Kazi yake kubwa, pamoja na bandeji iliyo ndani yake, ni kuwezesha konde lenye mifupa 27 kupiga fuvu mara mia bila kuvunjika. Apiganaye mikono mitupu hujifunza upesi kuliogopa paji la uso.

Na huki ndiyo ngumi inayozungusha kichwa kuliko nyingine. Katika vipimo vile vya 2005, kichwa cha sanamu kilipata mchapuko wa mzunguko wa wastani wa radiani 9,306 kwa sekunde mraba, radiani moja ikiwa ni nyuzi 57 hivi. Namba kama hiyo haimwambii mtu kitu mpaka akumbuke kibuyu cha maziwa. Ukikizungusha kibuyu ghafla, gamba hugeuka mara moja, lakini maziwa yaliyomo hubaki nyuma kwa muda, kisha huburutwa. Ubongo nao ni laini, unaelea ndani ya fuvu. Fuvu likizungushwa ghafla na konde lililotua kidevuni, ubongo huchelewa, na nyuzi zake ndogo pamoja na mishipa ya damu iliyouunganisha na utando wa fuvu huvutwa. Baadhi hukatika.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa msiba. Robert Wangila wa Kenya alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali ya uzito wa welta. Julai 1994, baada ya pambano lake na David Gonzales mjini Las Vegas, alizimia, na hakuzinduka. Alikuwa bado kijana, mwenye konde lililojengeka vizuri kama lilivyopata kuwa konde lolote katika nchi hizi.

Kwa hiyo mwalimu anayesimamia ngumi shuleni ana mashaka mawili ya kuyapima pamoja. Akifundisha konde bovu, vijana watavunja mikono. Akifundisha konde bora, wataumizana vichwa zaidi. Njia iliyo wazi ni kuitumia huki kwenye gunia na kwenye pedi za kocha, ambako fizikia yake yote inaonekana na hakuna ubongo ulio njiani. Na katika mazoezi ya wawili kuiruhusu mwilini tu, kwa glavu nene, chini ya jicho la mtu anayejua. Kijana akigongwa kichwani akaona giza, akasahau raundi iliyopita, au akatapika, mazoezi yake yamekwisha kwa siku hiyo na hatarudi ulingoni mpaka daktari aseme.

Gunia la Singe nalo lina shauri lake. Mchanga peke yake hushuka na kushikamana chini kama jiwe, na hilo limeumiza vifundo vingi. Pumba au matambara yaliyoshindiliwa hufaa zaidi, gunia likining'inia kiasi kwamba katikati yake iko sawa na kifua. Bandeji ya pamba ya mita 4 hivi hufungwa kuanzia kifundoni, ikapita mara kadhaa juu ya nundu na kati ya vidole, konde likiwa limekunjuliwa nusu, isibane hadi vidole vikafa ganzi. Huki za kwanza zipigwe taratibu, kiwiko kikichunguzwa na mwenzake aliye pembeni, na mstari wa kalamu usifutwe mpaka mwisho wa juma.

Mkono ukivimba baada ya yote hayo, vitazamwe vitu vitatu. Cha kwanza ni nundu: ikiwa ya kidole cha mwisho imezama, haionekani kama ya mkono mwingine, shingo ya mfupa huenda imevunjika. Cha pili ni mkao wa vidole. Mgonjwa akunje vidole polepole kuelekea kiganjani. Ncha zote sharti zielekee karibu mahali pamoja, chini ya gumba, na kidole kimoja kikimpanda mwenzake basi mfupa umejisokota na hautajirudi wenyewe. Cha tatu ni kidonda chochote juu ya nundu kilichotokana na jino la mtu, hata kikiwa kidogo kama tundu la sindano, kwa kuwa mate hupenya hadi ndani ya kiungo na usaha huweza kukiharibu katika siku chache. Kwa dalili yoyote kati ya hizo, kamba na mafuta ya kuchua viwekwe kando. Mkono ufungwe kwenye ubao mwepesi, uinuliwe juu ya usawa wa moyo, na kijana apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapigwe picha ya eksirei.